Wapima Mvua wa Rwanda na Miaka Kumi na Mitano Iliyopotea

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Ndera, mashariki ya jiji la Kigali, husikia ndege kabla ya kuziona. Kiwanja cha Kanombe kiko jirani, ng'ambo ya bonde chepechepe la Nyandungu, na kila ndege itakayotua pale imekwisha kupewa habari za upepo, mawingu, joto na mgandamizo wa hewa na watu ambao abiria hawatawaona kamwe. Rubani huwasikia kwa kupitia waongozaji wa ndege, basi. Wananchi wengine huwakumbuka siku ile tu mvua iliyotabiriwa isiponyesha, nao huwakumbuka kwa kuwacheka.

Tumeona vema leo kuwaandalia wasomaji wetu wa kambini na wa vituo vya polisi habari za watu hao na za idara yao. Hatufanyi hivyo kwa kuwahurumia. Tunafanya hivyo kwa kuwa kazi yao, ukiichunguza, ni kazi ya lindo: mtu hupewa mahali pake, hupewa saa zake, hupewa kitabu, naye huandika alichokiona na si alichokidhani. Askari polisi aliyewahi kuandika kitabu cha matukio cha kituo saa tisa za usiku atawaelewa watu hawa upesi kuliko mkulima au mfanyabiashara.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba elimu ya kutabiri hali ya hewa, kwa jinsi ilivyo leo, ilianza kwa hasara ya vita. Tarehe 14 Novemba 1854, katika vita vya Krimea, dhoruba iliyapiga majeshi ya majini ya Uingereza na Ufaransa katika Bahari Nyeusi. Merikebu nyingi zilivunjika, pamoja na manowari ya Kifaransa iliyoitwa Henri IV, na mizigo ya askari, zikiwamo nguo za baridi, ikazama baharini. Serikali ya Ufaransa ilimwamuru mtaalamu wa nyota, Urbain Le Verrier, achunguze. Alizikusanya habari za hewa za siku zile kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya, akaona kwamba dhoruba ile haikuzuka ghafula: ilikuwa imesafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, na kama watu wa miji iliyopitiwa kwanza wangeliwapelekea wenzao simu ya waya, merikebu zingeliweza kuondoka mahali pa hatari. Tangu hapo serikali za Ulaya zikaanza kujenga vituo vya kupima hewa na kuviunganisha kwa simu.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki nako majeshi yalifundishwa na mvua. Mwezi Aprili 1916 askari wa Jenerali van Deventer, waliokuwa chini ya Jenerali Smuts, waliiteka Kondoa Irangi kutoka kwa Wajerumani. Kisha masika yakawafungia huko. Njia nyuma yao ziligeuka matope, magari na punda hawakupita, chakula kikawa haba, farasi wakafa kwa maelfu na askari wakalala kwa homa. Adui hakuhitaji kuwazingira, kwani mvua ilikuwa imekwisha kumfanyia kazi hiyo. Majuma machache baadaye, mwezi Mei mwaka ule ule, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigali, na utawala wa Wajerumani katika Rwanda ukakoma.

Jambo moja la kupendeza katika historia ya Kigali ni hili, kwamba mtu aliyeuanzisha mji huo kuwa makao ya serikali alikuwa mtafuta maji. Daktari Richard Kandt, Mjerumani, alifika Rwanda akiwa na shauku ya kuijua asili ya mto Nili. Mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara mpaka chemchemi yake katika msitu wa Nyungwe, akaihesabu kuwa chimbuko la mbali la Nili. Takriban miaka tisa baadaye aliweka makao yake Kigali akiwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, na nyumba inayoitwa kwa jina lake ni jumba la makumbusho mjini humo hadi leo. Lakini kuona chemchemi ni jambo moja, na kupima maji yake kila siku kwa miaka hamsini ni jambo jingine.

Kazi hiyo ya pili ilikuzwa katika zama za Wabelgiji. Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na hivyo huduma ya hali ya hewa ikawa moja kwa nchi zote tatu. Mwaka 1933 ikaundwa taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana kwa kifupi INEAC, yenye makao makuu Yangambi katika Kongo. Kituo chake katika Rwanda kilikuwa Rubona, upande wa kusini wa nchi. Wataalamu wa kilimo walitaka kujua mvua, kwa maana mbegu hazipandwi kwa bahati nasibu. Misheni, mashamba na ofisi za watawala zikapewa vipimamvua, na mapadri, makarani na wasimamizi wa mashamba wakawa wapimaji pasipo kuajiriwa kwa kazi hiyo hasa.

Sababu ya kujali ilikuwako, na ilikuwa chungu. Njaa ya Rwakayihura ya miaka ya 1928 na 1929 iliangamiza watu wengi upande wa mashariki. Njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944 ilikuwa kubwa zaidi. Watu wengi mno walikufa, na wengine wakavuka mipaka kutafuta chakula Uganda na Kongo. Wanyarwanda walizipa njaa majina kama vile watu wengine wanavyozipa vita majina. Hata hivyo ukitaka kujua Ruzagayura ililetwa na upungufu wa mvua kiasi gani, na hofu hiyo irudi lini tena, jina la njaa halikusaidii. Unahitaji tarakimu.

Tarakimu hizo hupatikana kwa chombo ambacho mtoto wa shule aweza kukielewa. Kipimamvua ni mkebe wa bati ulionyooka, wenye mdomo wa duara wa kipimo maalumu, uliosimikwa mahali pa wazi, mbali na miti na kuta. Mvua huingia, hupita katika faneli, huhifadhiwa chini isivukizwe na jua. Kila asubuhi, saa ile ile, mpimaji huyamimina maji katika bilauri yenye mistari, huusoma mstari, huandika, kisha huyamwaga. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Waweza kufanya hesabu hiyo katika uwanja wa gwaride: ukiwa na urefu wa mita 100 na upana wa mita 100, mvua ya milimita 10, ambayo si mvua ya kutisha, imemimina juu yake lita 100,000, yaani malori kumi ya maji yenye kubeba lita 10,000 kila moja. Kigali hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Nyanda za mashariki hupata pungufu ya hapo, na milima ya magharibi hupata zaidi sana.

Ugumu wa kazi haumo katika chombo, umo katika asubuhi ile ile. Mpimaji akichelewa siku mbili, maji ya siku mbili yamechanganyika katika mkebe mmoja na hakuna atakayeweza kuyatenganisha. Akiogopa kukaripiwa akagawa kwa nusu, amedanganya, na uongo wake utaingia katika hesabu ya daraja litakalojengwa baada ya yeye kustaafu. Jumapili anapima. Sikukuu anapima. Siku ya harusi ya binti yake anapima kwanza, kisha anavaa. Tumewahi kusikia watu wakisema hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi. Hao hawajapata kulinda ghala usiku.

Baada ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962, Rwanda ilirithi vituo vyake na kuviendesha yenyewe. Taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa ya Wabelgiji ikawa ya taifa, kwa jina la ISAR, makao yake Rubona. Kiwanja cha Kanombe kikawa kituo kikubwa cha kupima hewa kwa ajili ya ndege. Jirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika wao walikuwa na idara moja ya pamoja, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya Albert Walter na kuwa na makao yake Nairobi. Idara hiyo ilidumu mpaka Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua vituo vyake.

Lakini mvua haijui mpaka, na maji yaliyokwisha kunyesha huujua hata kidogo zaidi. Juu ya milima ya magharibi ya Rwanda upo mgongo mrefu unaoyagawa maji: tone linaloanguka upande huu huenda Ziwa Kivu, Ruzizi na hatimaye Kongo; tone jirani yake huenda Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria na Nili. Upande wa Nili unachukua theluthi mbili za nchi na kupitisha takriban sehemu tisa katika kumi za maji yake yote. Akagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Victoria. Mvua ya Ndera, basi, ina safari ndefu mbele yake.

Nchi za ziwani zilikumbushwa habari hiyo kwa kishindo. Mwishoni mwa mwaka 1961 ilinyesha mvua ya ajabu juu ya Afrika ya Mashariki yote, na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Liliendelea kupanda mpaka mwaka 1964, likiwa limeongezeka takriban mita mbili na nusu. Bandari zilifunikwa, vijiji vya wavuvi vikahamishwa. Kipimo cha Jinja, kinachosomwa tangu mwaka 1896, kilikuwa hakijaonyesha jambo la namna hiyo. Misri na Sudan huko chini zikawa na wasiwasi, nchi za juu nazo zikawa na maswali. Kwa hiyo mwaka 1967 ukaanzishwa uchunguzi mkubwa wa maji na hali ya hewa ya maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, ukisimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Umoja wa Mataifa, makao yake yakiwa Entebbe. Mwaka 1972 Rwanda na Burundi zilijiunga. Jambo hilo lilikuwa la lazima, kwa maana huwezi kulihesabu ziwa bila kuuhesabu mto unaolilisha.

Kisha likaja Shirika la Bonde la Kagera, lililoundwa Rusumo tarehe 24 Agosti 1977 na Rwanda, Burundi na Tanzania, makao makuu Kigali. Uganda iliingia mwaka 1981. Lilipanga mengi: umeme, reli, kilimo, vita dhidi ya mbung'o. Lilitimiza machache, likavunjwa mwaka 2004. Hata hivyo wazo lake la umeme wa maporomoko ya Rusumo halikufa, na leo pana mtambo wa megawati 80 ambao Rwanda, Burundi na Tanzania wanagawana umeme wake. Mtambo wa namna hiyo haujengwi kwa kuutazama mto siku moja. Mhandisi hutaka kujua mto ulipungua kiasi gani katika mwaka mbaya kuliko yote, na ulifura kiasi gani katika mwaka wa mafuriko, na jibu la maswali hayo limo katika madaftari ya watu waliosoma vijiti vya kupimia kina, wengi wao wamekwisha kufa.

Hapo ndipo vita na maji vinapokutana kwa namna isiyopendeza. Chini ya Rusumo, katika ardhi ya Tanzania, mto hupita Kyaka. Wakongwe miongoni mwa wasomaji wetu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Iddi Amin yaliingia Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Pale pale Kyaka, kwenye kivuko, mto ulikuwa ukipimwa tangu mwaka 1940, na mfululizo wa vipimo vya kivuko hicho ambao wataalamu wa Nili wanautumia vitabuni mwao unakomea 1978. Askari hupigania daraja. Hakuna anayepigania kijiti chenye mistari kilichosimama majini karibu nalo.

Yaliyotokea Kyaka yalikuwa madogo yakilinganishwa na yaliyoipata Rwanda. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kanombe, na toka siku iliyofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalienea nchini. Katika siku mia moja waliuawa watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Hapa Ndera, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wakimbizi waliojificha na wagonjwa wenyewe waliuawa mwezi ule ule wa Aprili. Kiwanja cha Kanombe kilikuwa uwanja wa vita, mpaka jeshi la RPF lilipokitwaa mwezi Mei.

Hatuna nia ya kulinganisha uhai wa watu na tarakimu za mvua; kufanya hivyo kungekuwa kufuru. Tunasema tu kilichotokea katika idara hii. Wapimaji waliuawa au walikimbia, vituo viliporwa au kuachwa, na mtandao wa vituo uliojengwa kwa miongo mingi ukabomoka ndani ya majuma machache. Serikali mpya ilikuwa na kazi nyingine: kuzika maiti, kulisha yatima, kuwarudisha wakimbizi, kulinda mipaka. Nani angeuliza habari za kipimamvua? Vituo vilirudi kimoja kimoja, polepole, na ilichukua takriban miaka 15 kabla ya mtandao kuwa na afya tena.

Sasa tuombe wasomaji watazame hesabu moja. Wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana kwamba hali ya kawaida ya hewa mahali popote hujulikana kwa wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa Rwanda, pengo la kuanzia 1994 limekaa ndani ya kipindi hicho, nalo limekula karibu nusu yake. Mtu akiuliza, "Je, mvua ya mwaka huu imezidi kawaida?" mpimaji mwaminifu angelazimika kumwuliza, "Kawaida ipi?"

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa juhudi. Barabara iliyobomolewa hujengwa upya, shule hujengwa upya, hata jeshi huundwa upya. Mvua ya Oktoba 1996 iliyoanguka juu ya Byumba imekwisha kwenda baharini.

Lilipatikana jawabu la nusu, na twaona ni haki lielezwe vizuri kwa kuwa ni kazi ya akili kubwa. Satelaiti za Meteosat, zinazokaa juu ya Afrika mahali pamoja, zimekuwa zikipiga picha za mawingu yetu mchana na usiku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hazikusimama mwaka 1994, kwa kuwa vita vya duniani haziyafikii mambo ya huko juu. Picha zake hazionyeshi mvua, ila zinaonyesha baridi ya kilele cha wingu: wingu kubwa la mvua hupanda juu sana na kilele chake huwa na baridi kali. Kwa kuhesabu saa ambazo wingu baridi lilikaa juu ya mahali fulani, mtaalamu aweza kukisia mvua iliyoanguka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, wakiongozwa na Tufa Dinku, mzaliwa wa Ethiopia, walikaa na wenzao wa Rwanda, wakakusanya kila daftari la kituo lililosalia, wakalichuja makosa, kisha wakatumia vituo hivyo kusahihisha makisio ya satelaiti. Matokeo ni ramani za mvua za nchi nzima kuanzia mwaka 1981, zilizogawanywa katika vipande vya kilomita chache, pasipo pengo. Njia hiyo hiyo ilitumika Ethiopia, Tanzania na kwingineko.

Kuna wasemao kwamba kwa kuwa satelaiti zinaona yote, mpima mvua na mkebe wake wamepitwa na wakati. Hatuafikiani nao. Juu ya milima ya magharibi, mvua nyingi hutoka katika mawingu mafupi yanayosukumwa kupanda mteremko. Vilele vyake havina baridi ya kutosha, na satelaiti huyapita bila kuyahesabu. Na wakati mwingine wingu la juu lenye baridi kali hupita bila kudondosha hata tone. Aliyeko juu anahitaji mtu wa chini wa kumwambia ukweli. Makamanda wanalijua jambo hili: picha ya anga haimwondoi skauti aliyeko msituni.

Serikali ya Rwanda nayo ilipanga upya nyumba yake. Kwa sheria ya Desemba 2011 idara ya hali ya hewa iligeuzwa kuwa wakala kamili wa serikali, ujulikanao kwa kifupi Meteo Rwanda. Mwaka 2020 ikaundwa Bodi ya Rasilimali za Maji, ambayo inasimamia mito, mabonde na vipimo vyake. Pana rada ya hali ya hewa huko Maranyundo, Bugesera, inayotuma mawimbi na kupokea mwangwi wa matone, ingawa vilima elfu vya Rwanda huikinga isione baadhi ya mabonde. Pana kituo cha mlima Mugogo, kaskazini, kwenye kimo cha takriban mita 2,600, kilichojengwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani, ambacho kazi yake ni kupima gesi zinazoongeza joto la dunia. Na hapa kwetu, kati ya Ndera na Nyarugunga, bonde la Nyandungu lililokuwa limeharibiwa limetengenezwa kuwa hifadhi ya takriban hekta 120, iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 2022. Watu huenda huko kutembea na kupiga picha, na si vibaya. Lakini mwenye macho ataona kwamba vidimbwi vyake vimepangwa ili kuyapunguzia maji ya vilimani kasi na uchafu kabla hayajafika mbele.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliinyeshea Rwanda ya magharibi na kaskazini. Mto Sebeya ulifurika Rubavu, ardhi ikaporomoka juu ya nyumba za watu waliolala, na kufikia mwisho wa hesabu zaidi ya watu 130 walikuwa wamekufa na maelfu ya nyumba yamebomoka. Askari wa jeshi na wa polisi waliitwa kuokoa, kufukua na kufungua barabara. Baadhi ya wasomaji wetu huenda wana marafiki waliochimba tope kwa mikono yao siku zile, wakimtafuta mtoto aliyesikika akilia.

Aliyekuwa na koleo asubuhi ile ana haki ya kuuliza: wale waliokuwa na vipimo walikuwa wapi usiku? Swali hilo ni zuri, na jawabu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni onyo la saa chache: rada, satelaiti, vituo vya kujiendesha vinavyotuma tarakimu bila mtu, na ujumbe unaomfikia mwenyekiti wa kijiji kabla ya usiku wa manane. Hilo linaendelea kujengwa, na kiungo kilicho dhaifu, hapa kama penginepo Afrika, ni maili ya mwisho kutoka ofisini hadi mlangoni. Sehemu ya pili haihusu usiku ule hata kidogo. Inahusu miaka 30 kabla yake. Ili useme nyumba isijengwe hapa, kalavati hili liwe na upana ule, mteremko huu upandwe miti na si viazi, lazima ujue mvua kubwa ya namna hiyo huja kila baada ya miaka kumi, au hamsini, au mia. Hesabu hiyo haitoki katika rada mpya. Hutoka katika madaftari ya zamani, yale yale yaliyokatika.

Tuongeze neno moja kwa ndugu zetu polisi, ambalo si la historia. Kituo cha kujiendesha cha siku hizi kina betri, kina kioo cha kuvuta nguvu za jua, kina nyaya. Katika nchi nyingi za Afrika vitu hivyo huibiwa, vikawasha taa na redio za watu wengine. Anayekamatwa na kioo cha jua hushtakiwa kwa wizi wa kitu cha bei ndogo. Pengine hakimu angeona vingine kama angeambiwa kwamba pamoja na kioo ziliibiwa pia mvua za miezi mitano ambazo hazitapimwa tena.

Na kwa wale wanaolinda Kanombe, ambao hukiona kituo cha hewa kila siku pasipo kujua yaandikwayo ndani yake, tumalizie kwa kueleza alama ndogo katika daftari la mvua. Siku isiyo na mvua, mpimaji hakiachi kisanduku wazi. Anaandika sifuri, maana yake nilikwenda, nilitazama, mkebe ulikuwa mkavu. Kisanduku kisichoandikwa kitu maana yake hakuna mtu aliyekwenda. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika Rwanda, katikati ya majira yanayoitwa Itumba. Katika mfululizo wa vituo vingi vya nchi hiyo, visanduku vya kuanzia Aprili 1994 havina sifuri. Havina kitu.